Jiko la Mama Zenebech

Simu ya Mjomba Demisew iliingia saa kumi na mbili na robo asubuhi. Girum alikuwa amepiga magoti uani kwake, pale Addis Ababa, anakaza nati za mwisho za bomba la moshi la jiko. Aliiona ile namba ya Debre Berhan na moyo ukamshuka. Wazee wa kule hawapigi simu mapema hivyo kujuliana hali. Salamu zao huanza baada ya kahawa.

"Girum, mwanangu. Uko peke yako?"

"Niko peke yangu, mjomba."

"Mahlet hayupo hapo? Hasikii?"

"Yuko kwake. Tunakutana saa mbili."

Mzee akashusha pumzi. "Dada yangu ametutoka. Jana jioni. Kifua kile kile."

Girum akakaa chini kwenye saruji, spana mkononi. Mama Zenebech, mama wa Mahlet, hakuwa mama yake wa kumzaa, lakini Girum alikuwa amekula kwake kuliko alivyokula kwao. Yule mama alikuwa na tabia ya kukunja tonge kubwa la injera, mkate mwembamba wa nafaka ya tefu, na mchuzi, kumtumbukiza mtu mdomoni bila kumuuliza, kisha kumcheka akihangaika kutafuna.

"Usilie sasa, utalia baadaye," mjomba akamwambia, na yeye mwenyewe sauti ilikuwa imekauka. "Nisikilize. Usimwambie kitu. Mwambie mama anaumwa, anamtaka. Mpakie kwenye gari umlete. Akifika atakuta watu, na wazee ndio watakaomwambia. Tunazika saa tisa. Padri tumeshamwomba asogeze mara mbili, zaidi ya hapo hawezi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mjomba."

"Mtoke sasa hivi."

"Namleta."

Kwetu habari ya kifo haitupwi usoni mwa mtu kama maji machafu. Hupelekwa, tena na watu wazima, wakamzunguka mfiwa huku na huku, ili akianguka asiangukie chini. Wapo watu waliokaa mjini wiki nzima wanakula na kucheka huku ukoo mzima umeshavaa nyeusi, na siku walipoambiwa hawakumlaumu yeyote. Ni huruma, na ni huruma nzuri, mimi siisemi vibaya. Ila inampa mtu ruhusa ya kunyamaza, na mtu akishapewa ruhusa ya kunyamaza hujui atanyamazia nini.

Maana siku hiyo hiyo, saa tatu, Girum na Mahlet walikuwa wasimame mbele ya wawekezaji kwa mara ya kwanza maishani mwao.

Walikuwa wamelihangaikia lile jiko miaka minne. Girum ndiye fundi, Mahlet ndiye mdomo. Wazo lilikuwa la Mahlet, na alilitoa kwenye kifua cha mama yake. Mama Zenebech alimlea kwa kuuza injera mahotelini, miaka thelathini ameinamia kikaango cha udongo juu ya majani ya mkaratusi na samadi kavu, macho mekundu, koo limejaa masizi. Jiko lao lilikuwa na kuta mbili na bomba, linakula nusu ya kuni, na moshi wote unatoka nje. La kwanza kabisa walimfungia mama jikoni kwake, miezi minane iliyopita. Yeye ndiye aliyelipima. Hakujua grafu wala nini. Alihesabu mizigo ya majani aliyobebewa kila juma akaweka kokoto kwenye kopo.

Girum alibaki amekaa kwenye saruji anapiga hesabu. Wao walikuwa wa tatu kwenye orodha. Saa nne na nusu wangekuwa wamemaliza. Kutoka hapo hadi Debre Berhan, hata malori yakiwazuia, ni mwendo wa saa mbili na nusu, tuseme tatu. Saa saba na nusu wangekuwa msibani. Mazishi saa tisa. Ilitosha, tena ilibaki.

Halafu akakumbuka jambo lililomsaidia kudanganyika. Miezi miwili nyuma alikuwa amekwenda kule kuzibua bomba. Mama Zenebech alikohoa mbele yake mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi alimwonyesha kidole. "Ukimwambia Mahlet, sitakusamehe. Ana jambo lake kubwa. Na nikiongea naye kwenye simu naiweka mbali nikohoe, kwa hiyo wewe ndiye unayejua peke yako." Girum hakumwambia. Sasa akajiambia kwamba mama mwenyewe angetaka hivyo hivyo, na kwamba anamtii marehemu. Mtu akitaka sababu haikosi.

Mahlet alifika saa mbili kamili, gauni la kijani, viatu vipya vinamfinya, karatasi zake kifuani.

"Mbona umekaa kama mtu aliyemeza sarafu?" akamuuliza Girum. "Anayeongea ni mimi, wewe kazi yako kubeba."

"Sijalala vizuri."

"Na mimi nimelala? Nimempigia mama tangu jana usiku, hapatikani. Atakuwa ameidumbukiza tena kwenye unga, mama yangu na simu ni vita." Akacheka peke yake. "Nilitaka aniombee."

"Atakuwa amekuombea," Girum akasema, akainama kushika upande wake wa jiko.

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya tatu, na lifti, kama ilivyo ada, ilikuwa imekufa. Walilipandisha jiko ngazi kwa ngazi, Mahlet amevua viatu. Juu walikuta makundi mengine sita, vijana wamenyolewa vizuri, kila mmoja ana kompyuta na tabasamu. Mmoja alikuwa na mpango wa kuuza kondoo kwa simu. Mwingine alikuwa na mpango wa kuwatafutia watu mahali pa kuegesha magari, katika mji ambao wengi wetu hatuna hata baiskeli.

Wawekezaji hawakuwapo. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Bi Lemlem, aliyekuwa mmoja wao, alifika saa nne na nusu akaomba radhi, akakaa. Mkubwa wao, Bwana Haddis, aliingia saa tano kasorobo hakuomba chochote. Tajiri akichelewa, inasemwa kwamba kikao kimesogea. Maskini akichelewa, amechelewa.

Ndipo msichana wa orodha alipokuja na kalamu yake. "Nyinyi wa jiko mtakuwa wa mwisho. Msije mkatujazia moshi humu kabla ya wenzenu."

"Dada, ni jiko lisilo moshi," Mahlet akamwambia. "Ndiyo biashara yenyewe."

"Hata hivyo," akasema msichana, akageuka.

Girum akatazama saa ya ukutani. Saa tano. Kama wangeondoka dakika hiyo, wangefika saa nane. Akamwendea Mahlet dirishani. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, anarudia maneno yake kama mtoto wa kanisa anayekariri zaburi. Girum akafungua mdomo.

"Mahlet."

Yeye akamshika mkono kwa nguvu, viganja vyote vya baridi. "Girum, naogopa. Miaka yote mama anawaambia majirani binti yangu ameacha kazi ya benki kwa sababu ana jambo kubwa. Wanamcheka. Leo nikishindwa, nitamwambia nini?"

Hapo ndipo pa kusema. Nimelifikiria sana jambo hili, na kila nikilifikiria narudi pale dirishani. Alikuwa na maneno matatu tu ya kusema, *mama anaumwa, twende*, na ruhusa ya wazee alikuwa nayo. Badala yake akasema, "Hutashindwa."

Saa tano na nusu mjomba akapiga. Girum akatoka kwenye ngazi akaipokea.

"Mmefika wapi?"

"Tumeshatoka, mjomba. Kuna foleni kubwa hapa Kotebe."

"Polepole basi, msije mkatuongezea msiba mwingine. Tunawasubiri."

Alirudi ndani akakaa kando ya jiko. Muuza kondoo aliongea nusu saa. Wa magari aliongea zaidi, na Bwana Haddis, ambaye magari anayo, alimuuliza maswali mengi. Wakanywa chai. Saa saba kasoro dakika kumi, jiko likaitwa.

Mahlet alianza vibaya. Alisema "waheshimiwa" mara tatu, akataja soko la majiko, akataja asilimia, akapotea. Bwana Haddis akatazama simu yake. Girum, aliyesimama kando ya jiko kama askari, aliona yote yanazama, miaka minne, na mama aliyelala kule amevikwa sanda, na akamwombea Mahlet kwa Mungu kwa bidii ambayo hajawahi kuomba nayo.

Mahlet akaziweka karatasi chini.

"Naomba nianze upya," akasema. "Mama yangu anaitwa Zenebech. Anakaa Debre Berhan, ana miaka sitini na moja, na kila siku anapika injera mia moja na ishirini. Nilipokuwa mdogo nilidhani wanawake wote wana macho mekundu. Nilidhani mtu akizaa, macho yanabadilika. Nilikuja kuona mama wa mwenzangu wa shule, mke wa daktari, macho meupe kabisa, nikarudi nyumbani nikamuuliza mama, yule mama anaumwa nini?"

Bi Lemlem akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Hapa nina kopo la mama. Kila mzigo wa majani, kokoto moja. Kabla ya jiko hili, kokoto tisa kwa juma. Sasa nne. Mama yangu hajasoma, lakini hajawahi kukosea hesabu, muulizeni mwenye hoteli yeyote wa Debre Berhan." Watu wakaguna kwa kufurahi. "Anapika akiwa amesimama wima. Anapika akiimba. Zamani angeimba vipi?"

Kila alipotaja *anapika*, kila alipotaja *anaimba*, Girum aliangalia kidole gumba chake. Maneno yalitoka kwa Mahlet yamenyooka, ya moto, hakuna aliyekohoa ukumbini.

"Na kifua?" akauliza Bi Lemlem. "Mama aliyekula moshi miaka thelathini lazima kifua kiwe kibaya. Kikoje sasa?"

"Hakohoi tena," Mahlet akajibu. Na kwa kadiri alivyojua yeye, ilikuwa kweli.

Bwana Haddis akaegemea kiti. "Maneno mazuri. Lakini kila anayekuja hapa ana mama. Mpigie simu tumsikie mwenyewe, sasa hivi, weka sauti."

Mahlet akachangamka, akaitafuta simu yake mkobani. Alishaitoa. Kidole kilishafika kwenye jina.

"Mtandao wa Debre Berhan umekatika tangu jana," Girum akasema.

Sauti haikumtetemeka hata kidogo. Ilimshangaza mwenyewe.

"Ni kweli," Mahlet akasema, akamtazama kwa shukrani. "Nimempigia tangu jana usiku, hapatikani. Lakini njooni mumwone! Njooni hata kesho. Atawalisha mpaka mkimbie."

Wakacheka wote. Bwana Haddis naye akacheka, akasema basi, kama mama hayupo, binti apike. Jiko likashushwa tena ngazi zote zile mpaka uani. Mahlet akawasha moto, akajifunga shuka kiunoni juu ya gauni la kijani, akamimina rojo la tefu kwa mzunguko, kutoka ukingoni kuja katikati, mkono wa mama yake kabisa. Moshi ulipanda kwenye bomba ukaenda zake juu ya paa. Injera ilitoka na macho yake yote, vile vitundu vya juu. Bi Lemlem alikula ikiwa bado inatoa mvuke, akafuta machozi bila aibu akasema mama yake alikufa kwa moshi huo huo na kwamba yeye, hata wenziwe wakikataa, anaingia. Bwana Haddis alikula ya pili, akapangusa vidole.

"Na mimi naingia," akasema. "Tutaandikiana wiki ijayo."

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Mahlet alipiga kigelegele. Alitupa shuka, akamvuta Girum mikono yote miwili, akacheza mabega pale uani mbele ya walinzi na madereva, mabega yanaruka kama yuko harusini, anasema, "Girum! Girum! Wamekubali!" Walinzi wakampigia makofi. Naye Girum akacheza. Angefanya nini? Alitikisa mabega yake pamoja naye, na mpaka leo hakuna jambo analolionea haya kama lile, kwamba alicheza.

"Ngoja nimjaribu mama tena."

"Twende tukamwambie wenyewe," Girum akasema. "Sasa hivi, na gari hili. Anaumwa kidogo. Mjomba alipiga."

Mahlet akaacha kucheza. Hakuuliza kitu. Alikwenda garini akakaa, akafunga mkanda, akamwacha Girum apakie jiko mwenyewe.

Walikuwa wameshatoka mjini, wanapita mashamba ya Sendafa yaliyovunwa, alipozungumza.

"Anaumwa nini?"

"Kifua kidogo."

"Mjomba alipiga lini?"

"Leo."

"Leo saa ngapi, Girum?"

Mahlet ni mtoto wa hapa. Amewahi kukaa gari moja na binamu yake aliyeambiwa baba anaumwa kidogo, na yeye Mahlet ndiye aliyetumwa amshike mkono njia nzima, amchekeshe, amnunulie soda. Aliyajua maneno hayo kutoka upande wa pili. Girum akatazama barabara. Mbele yao kulikuwa na lori la ngano linapanda mlima taratibu, na hapakuwa na mzee, wala shangazi, wala mtu yeyote wa kumsaidia.

"Asubuhi," akasema. "Saa kumi na mbili."

Mahlet akainua mkono akajifuta rangi ya mdomo kwa mgongo wa kiganja. Akavua hereni, moja, ya pili, akaziweka mahali pa kuwekea vikombe.

"Wanazika saa ngapi?"

"Mahlet, wazee ndio wataku—"

"Nimekuuliza wanazika saa ngapi."

"Saa tisa."

Wote wawili wakatazama saa ya gari. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika mbili. Walikuwa wamebakiwa na safari ya saa mbili. Girum alingoja apige kelele, alingoja ampige, alikuwa tayari hata ashike usukani waangukie bondeni wafe wote. Mahlet alitoa sauti moja tu, ndogo, ya mtu aliyeguswa na kaa la moto, akasema, "Lipite hilo lori."

Hivyo ndivyo binti wa Zenebech alivyopewa habari ya mama yake: ndani ya gari, amefungwa mkanda, na mtu mmoja tu ambaye mikono yake yote ilikuwa kwenye usukani.

Walifika saa kumi na moja. Turubai la chama cha mazishi lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, watu wamerudi kutoka makaburini, miguu ina vumbi, wananawa. Wazee walikuwa wamejipanga getini, watano, mashuka meupe yamepinduliwa pindo juu kwa ajili ya msiba, Mjomba Demisew mbele. Walikuwa wamepanga nani ataanza na nani atamshika. Na Mahlet, ambaye alishajua njia nzima, aliteremka akawaacha waseme. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama asiyejua kitu. Kisha akaanguka, nao wakamdaka, na kilio chake kikasikika mpaka barabara ya lami.

Mjomba alimkumbatia Girum, akamlilia begani. "Umemficha vizuri, mwanangu. Umemleta salama. Nilisema mtawahi, maana ulinambia saa tano na nusu mmeshatoka. Barabara hii imelaaniwa."

"Imelaaniwa, mjomba," Girum akasema.

Mahlet alikuwa hatua tatu kutoka pale, mikononi mwa shangazi wawili. Aliisikia *saa tano na nusu*. Aligeuza uso wake uliolowa akamtazama Girum mara moja tu, kisha wakamwingiza ndani.

Siku tatu nzima Girum alisifiwa. Kila mzee aliyeingia chini ya turubai aliambiwa huyu ndiye kijana aliyebeba siri, na kila mzee alimpa mkono. Rafiki wa hivi hapatikani siku hizi, walisema, vijana wa leo wanaandika msiba kwenye simu mtu bado yuko njiani. Alipewa kiti karibu na ndugu. Alikula ngano ya kuchemsha ya wafiwa, akainywa kahawa yao. Mahlet hakumsema kwa mtu. Angesema neno moja tu wangemfukuza kwa fimbo. Hakulisema, na kumbe kulingoja neno hilo ilikuwa kazi nzito kuliko fimbo.

Siku ya tatu, watu walipokwenda kanisani, Mahlet alimwita jikoni.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mama yake, nguo nyeusi, uso umechubuka kwa kulia. Jiko lao lilikuwa baridi kwenye kona. Wanawake wa chama walikuwa wanapikia nje kwenye mafiga, kwa watu wengi vile hapakuwa na njia nyingine, na moshi ulikuwa unaingia mlangoni.

"Bi Lemlem amenipigia," Mahlet akasema. "Wanataka kuja Jumanne kumwona mama."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia mama amekufa. Nimemwambia wakati nasema hakohoi alikuwa ndani ya sanda." Akatazama lile jiko baridi. "Akalia. Akaniuliza kama nilijua. Nikamwambia sikujua. Akasema ananiamini, na hawatarudi nyuma."

"Hakuuliza kuhusu mimi?"

"Kwa nini aulize kuhusu wewe? Wewe ulikuwa umesimama tu."

Girum akapiga magoti pale chini, kwenye majivu. Alitaka kumweleza juu ya mama na ile siku ya kuzibua bomba, na hesabu zake za saa tisa. Alikuwa amejiandaa siku tatu. Mahlet akainua mkono.

"Usinieleze. Nataka nikuulize jambo moja, na usinidanganye, maana watu wote wameshadanganywa, hata maiti amesemewa uongo. Nilipokuwa nimesimama pale, nasema mama yangu anapika, mama yangu anaimba. Wewe unajua. Unanisikiliza. Ulikuwa unawaza nini?"

Angeweza kusema alikuwa anamlilia mama. Angeweza kusema moyo ulikuwa unampasuka, na ingekuwa kweli kiasi. Lakini alikuwa amechoka kusema uongo, na Mahlet alikuwa ameomba ukweli.

"Nilikuwa naomba usikosee," akasema.

Mahlet akatikisa kichwa taratibu. Nje mwanamke mmoja alikohoa, mwenziwe akamwambia asogee upande wa upepo.

"Sikukosea," akasema Mahlet.

Akasimama, akajifunga shuka vizuri, akaanza kuteremsha masufuria ya mama yake kutoka kwenye rafu, moja moja.

"Karatasi zikija utatia sahihi wewe peke yako, mimi simo. Jiko ni kazi ya mikono yako, lichukue. Ondoka sasa, Girum, watu wanarudi kutoka kanisani na bado hatujawapikia."